Bustani ya Nyumbani Kwenye Joto Kali na Ukame: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila leo kutoka kwa watu wanaolima nyuma ya nyumba, kwenye kibaraza au juu ya paa, sehemu zenye jua kali, upepo mkavu na mvua ya kubahatisha. Yameanza na yale ya mtu ambaye hajashika jembe, yanaishia kwenye yale yanayowakuta hata wazoefu. Utaona majibu mengi yanarudi palepale: udongo wako ndo tangi lako la maji, na kazi kubwa ya bustani ya ukame ni kulijaza hilo tangi alafu kulifunika.

## Kabla hujapanda

1. Kwani kweli mboga zinaweza kukubali joto kama hili?

Zinakubali, na zingine zinalitaka kabisa. Mchicha, bamia, kunde, bilinganya, mlenda, viazi vitamu, hizo ndo za kuanza nazo. Mchicha una namna yake ya kujitengenezea chakula ambayo inafanya kazi vizuri jua likiwa kali, na kwa maji yaleyale unakua zaidi kuliko mboga nyingi za majani, ndo maana saa saba mchana unaukuta umesimama wakati saladi iliyo pembeni yake imelala chini.

Shida inaanza mtu anapolazimisha saladi, kabichi, karoti na jamii ya brokoli katikati ya miezi ya moto. Hizo subiri miezi ya ubaridi. Mi naona hili la kuchagua mmea kulingana na mwezi linaokoa bustani nyingi kuliko dawa yoyote utakayonunua.

2. Nianze na eneo kubwa kiasi gani?

Dogo, kwa sababu ya maji. Hesabu yake ni rahisi: maji ya kina cha milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kipindi cha joto kavu mboga zilizokomaa, pamoja na kinachopotea hewani kutoka kwenye udongo, zinaweza kula milimita 5 mpaka 8 kwa siku, yaani lita 5 mpaka 8 kwa kila mita ya mraba. Kitalu cha mita 1 kwa 2 kinataka lita 10 mpaka 16 kwa siku, hiyo ni ndoo moja tu, unaimudu. Ukilima mita 20 za mraba ni lita 100 mpaka 160 kila siku, na hapo ndo watu wanachoka wiki ya tatu wanaacha kila kitu kikauke. Anza na kile unachoweza kukinywesha hata siku umechoka.

3. Matuta ya kuinua au vitalu vya kuzama?

Vya kuzama. Picha nyingi za bustani nzuri zina matuta yaliyoinuliwa kwa mbao, lakini yale ni mazuri zaidi sehemu zenye mvua nyingi ambako tatizo ni maji kutuama. Huku kwetu sisi wa ukame tuta la kuinuka linapigwa na jua na upepo pande zote na maji yanakimbilia chini, kwa hiyo linakauka mapema kuliko ardhi ya kawaida.

Chimba kitalu kishuke sentimita 10 mpaka 20 chini ya usawa wa ardhi, udongo uliotoa uufanye kingo pembeni. Kila tone la mvua na la ndoo linabaki humo, na kingo zinakinga upepo unaopita chinichini. Wakulima wa Sahel, ule ukanda mkavu wa kusini mwa jangwa la Sahara, wana mashimo yao yanaitwa zai, upana wa kama sentimita 20 mpaka 30, wanaweka samadi ndani wanapanda humohumo, na Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alijulikana duniani kwa kurudisha uhai kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama saruji kwa kuiboresha mbinu hiyo. Kama unaanza na ardhi iliyokufa usihangaike kulima eneo zima, chimba mashimo.

Ila kama mvua zenu zikija zinakuja kwa mafuriko, acha mlango mdogo kwenye ukingo wa kutolea maji.

4. Udongo wangu ni mchanga mtupu. Wa jirani ni mfinyanzi unaopasuka. Dawa ni nini?

Dawa ni moja kwa wote wawili: mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi yaliyooza kabisa. Kwenye mchanga inashika maji yasipite moja kwa moja, kwenye mfinyanzi inafungua njia ili maji na hewa viingie. Tandaza unene wa kama sentimita 5 uchanganye na zile sentimita 15 mpaka 20 za juu. Kwenye joto mboji inaoza na kuisha haraka, kwa hiyo ni kila msimu, sio mara moja.

Usijaribu kulainisha mfinyanzi kwa kumwaga mchanga, usipoweka mwingi sana unapata kitu kigumu kama tofali. Na samadi iache iive kwanza miezi kadhaa, ile mbichi inaunguza mizizi na ina chumvi nyingi, na chumvi kwenye bustani kavu ni adui, angalia swali la 18.

## Maji

5. Nimwagilie mara ngapi?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote na jibu lake sio namba ya siku. Ingiza kidole mpaka sentimita 5. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagilia, na ukimwagilia mwagilia kweli.

Fanya jaribio hili mara moja tu. Mwagilia kama kawaida yako, subiri saa moja, alafu chukua kisu kikuukuu uchimbe pembeni mwa mmea. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuwa nimesimama na mpira wa maji robo saa nzima, juu pameloa peusi panapendeza, nikachimba nikakuta unyevu umeishia sentimita 2 na chini yake vumbi kavu la rangi ya jivu. Kumbe mwezi mzima nilikuwa nanywesha ngozi ya udongo, na mizizi ilikuwa imepanda juu kufuata hicho kidogo, ikakaa palepale jua linapochoma.

Mizizi inafuata maji yalipo. Ukimwagilia kidogo kila siku inabaki juu, ukimwagilia kwa kina mpaka sentimita 20 au 30 alafu ukaacha siku mbili tatu, inashuka, na huko chini kuna ubaridi. Kujua maji yamefika wapi chukua nondo nyembamba uisukume ardhini, kwenye udongo uliolowa inaingia laini, ikikutana na pakavu inagoma. Miche midogo na mimea ya kwenye makopo haimo kwenye sheria hii, angalia swali la 14 na la 15.

6. Asubuhi au jioni?

Asubuhi mapema, kabla jua halijapata nguvu, mmea unaingia kwenye joto ukiwa umeshiba. Jioni pia ni sawa kama asubuhi huna nafasi, hasa kwenye hewa kavu ambako majani hayakai na unyevu usiku kucha, we elekeza maji kwenye shina sio kwenye majani.

7. Ni kweli matone ya maji yanaunguza majani mchana?

Kwenye majani laini ya kawaida, hapana, tone linakauka kabla halijafanya chochote. Sababu ya kutomwagilia mchana ni kwamba maji mengi yanapotea hewani. Lakini kuna kitu kinachounguza kweli na watu hawakiangalii, nayo ni maji yaliyolala ndani ya mpira juani. Yale ya mwanzo yanatoka ya moto kiasi cha kushtua mkono, ukiyamwaga moja kwa moja kwenye miche umeipika. Yaache yatiririkie kwenye ndoo kwanza mpaka yapoe, na ya ndoo utayatumia jioni.

8. Matandazo ni lazima? Na nitumie nini?

Ningekuwa naruhusiwa kumwambia mtu jambo moja tu ningemwambia hili. Udongo ulio wazi juani unapoteza maji mchana kutwa na unapata moto mpaka huwezi kuukanyaga peku. Funika kwa nyasi kavu, majani makavu, maganda, vipande vya mabua, unene wa sentimita 5 mpaka 10. Saa nane mchana inua matandazo uweke kiganja chini yake, alafu weka kiganja pembeni palipo wazi, hutauliza tena kama ni lazima.

Mambo matatu ya kuzingatia. Yasiguse shina, acha nafasi ya vidole viwili vitatu, la sivyo shina linaoza. Tandaza baada ya kumwagilia kwa kina, maana ukifunika udongo mkavu umeufunika na ukavu wake. Na nyasi ziwe hazijatoa mbegu. Nailoni nyeusi siipendi kwenye joto kali, inapasha udongo sana usipoifunika tena kwa nyasi. Kokoto kwa mboga pia hapana, zinahifadhi joto mpaka usiku.

9. Ile mbinu ya kuzika chungu inafanya kazi?

Sana. Fan Shengzhi, mtaalamu wa kilimo wa China, aliieleza zaidi ya miaka 2000 iliyopita na haijazeeka. Unachukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, unakizika mpaka shingoni, unajaza maji, unafunika mdomo. Maji yanapenya taratibu kwenye kuta, udongo ukiwa mkavu yanatoka zaidi, ukiwa na unyevu yanapungua yenyewe. Panda kukizunguka, karibu kama sentimita 15 mpaka 30 kutegemea ukubwa wa chungu. Kifuniko ni muhimu, bila hicho mbu wanazaa humo.

Chupa za plastiki zilizotobolewa ni mbadala ila zinaziba au zinamwaga yote kwa mara moja, itabidi ujaribu ukubwa wa tundu. Mipira ya matone ni bora kwa eneo kubwa, nozeli zake, vile vitundu vya kutolea matone, nyingi zinatoa lita 2 au 4 kwa saa kwa hiyo unajua kabisa umenywesha kiasi gani. Tu usidanganyike na doa dogo la unyevu unaloliona juu, chini linatanuka, pima kwa nondo ya swali la 5.

10. Maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo je?

Ya kuogea na ya kusuuzia nguo yanafaa kwa miti ya matunda, maua, na mboga ambazo unakula kilicho juu mbali na udongo, kama bilinganya. Mwaga kwenye udongo tu. Usiyatumie kwenye mboga za kuliwa mbichi wala karoti na vitunguu. Yenye dawa ya kung'arishia nguo au yaliyofulia nepi, usiyaguse. Yatumie siku hiyohiyo, yakilala zaidi ya siku moja yananuka na vijidudu vinazaliana. Na bado badilishana na maji safi mara kwa mara, kwa sababu sabuni zina chumvi.

Kama una paa, hesabu ya swali la 2 inakusaidia hapa pia. Paa la mita 50 za mraba kwenye mvua ya milimita 20 linapokea lita 1000, ukitoa zinazopotea bado una kama 800. Mvua moja.

## Joto, kivuli na upepo

11. Kila mchana mimea inanyauka nakimbilia kuimwagilia, nakosea?

Angalia jioni kwanza. Mimea yenye majani mapana kama maboga na matango inalegeza majani saa za moto kwa sababu inapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyovuta, hata kama udongo umeloa. Jua likishuka inasimama yenyewe. Ukikuta asubuhi mapema bado imenyauka, hapo ni kiu ya kweli. Na ukikuta imenyauka huku udongo una unyevu siku nzima, usiongeze maji, inawezekana mizizi imeoza au kuna ugonjwa wa mnyauko. Watu wengi wanaua mimea hapa, wanaona majani yamelala wanaongeza ndoo juu ya ndoo.

12. Neti ya kivuli niweke ya asilimia ngapi?

Asilimia ni kiasi cha jua ambacho neti inazuia. Kwa mboga nyingi 30 mpaka 50. Ya 30 inatosha nyanya, pilipili na bilinganya, ya 50 kwa mboga laini za majani na miche. Zile za 80 ni za kukalia watu, mmea chini yake unarefuka unakuwa mwembamba bila matunda. Iinue isiguse mimea ili hewa ipite. Huna neti, panda mahindi au mbaazi upande wa magharibi, ule wa jua la alasiri ambalo ndo linaloumiza, la asubuhi liache liingie.

13. Upepo unanikaushia kila kitu, nijenge ukuta?

Ukuta mzima unarusha upepo juu unaangukia ndani kwa fujo. Kinachofaa ni kizuizi kinachopitisha kidogo, ua wa mimea, matete, au neti. Kizuizi kama hicho kinatuliza upepo mpaka umbali wa kama mara 10 ya urefu wake kwenda juu, kwa hiyo hata cha mita moja na nusu kinatosha bustani ya nyumbani.

## Mbegu, miche na makopo

14. Mbegu hazioti au miche inakufa nikiihamisha

Kuota kwanza. Mbegu za saladi zinalala joto la udongo likipita kama nyuzi 30, sio mbovu, zinasubiri. Panda jioni, mwagilia maji ya baridi, funika kwa gunia bichi, na kila siku asubuhi funua uangalie, ukiona ncha ya kwanza tu toa gunia. Udongo wa juu usikauke hata siku moja mpaka ziote.

Kuhamisha fanya jioni. Shimo lijaze maji kwanza, yanywee, alafu ndo upande, shindilia kidogo, mwagilia tena. Weka kivuli siku 5 mpaka 7, hata tawi lenye majani ulilochomeka upande wa magharibi linatosha. Miche iliyokulia kivulini iongezee jua kidogokidogo kwa wiki nzima kabla, ukiitoa ghafla majani yanageuka meupe kama karatasi. Wiki ya kwanza inywe kila siku, baada ya hapo anza kuinyima taratibu ili mizizi ishuke.

15. Nalima kwenye ndoo na makopo, kuna tofauti gani?

Kubwa. Kopo halina pa kukopa maji, kwenye joto kali linaweza kutaka maji kila siku na dogo hata mara mbili. Tumia kubwa, nyanya isipungue lita 20. Kopo jeusi juani linapasha mizizi mpaka inakufa upande mmoja, lipake chokaa au livike gunia, au liweke ndani ya jingine kubwa zaidi. Yakusanye pamoja yakingane.

Ukiona umemwaga maji na papo hapo yanatoka chini, usifurahi. Udongo umekauka ukajivuta kutoka kwenye kuta na maji yanapita pembeni bila kuugusa. Tumbukiza kopo zima kwenye beseni la maji nusu saa mpaka mapovu yaishe. Kokoto chini ya kopo hazisaidii kutoa maji, zinakula nafasi ya udongo tu, matundu ndo yanayotakiwa.

## Matatizo yanayojirudia

16. Nyanya zinatoa maua mengi alafu yote yanadondoka

Ni joto. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35 na usiku usiposhuka chini ya kama 22 au 23, chavua inaharibika na ua linaanguka. Mbolea haitasaidia, na ya naitrojeni ndo itaongeza majani matupu. Weka neti ya 30, weka matandazo, uutunze mmea uwe hai mpaka joto lipungue, utazaa tena. Nyanya ndogondogo za kishada zinavumilia zaidi kuliko zile kubwa. Joto hilohilo ndo linafanya zinazoiva zibaki za chungwa, rangi nyekundu haitengenezwi vizuri zaidi ya nyuzi 30, zichume zikianza kubadilika ziivie ndani.

17. Na zinaoza kitako, doa jeusi chini

Kalsiamu haifiki kwenye tunda, lakini mara nyingi udongo unayo, kilichokosekana ni maji ya kuisafirisha. Leo mafuriko kesho jangwa, ndo chanzo. Rudi swali la 5 na la 8 kabla hujanunua chochote. Doa jeupe linaloonekana limechemka upande unaotazama jua ni kitu kingine, hilo ni jua limeunguza tunda, acha kupogoa majani yanayolifunika.

18. Majani ya njano, kingo za kahawia, na kuna unga mweupe juu ya udongo

Hizi ni dalili mbili tofauti. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, na sehemu kavu hiyo inatokea kwa sababu udongo una alkali (kinyume cha asidi), chuma kipo ila mmea hauwezi kukichukua. Mboji inasaidia. Majivu usiweke kabisa hapo, yanaongeza alkali.

Unga mweupe na kingo zilizoungua ni chumvi. Inatoka kwenye maji ya kisima, mbolea na samadi, na ukimwagilia kidogokidogo inabaki juu kila maji yanapokauka. Mara mojamoja mwaga maji mengi ya kuisukuma chini ya mizizi, kama udongo wako unapitisha maji. Usiweke mbolea ya dukani kwenye udongo mkavu, loanisha kwanza.

19. Majani yana vidoti na utando mwembamba, wadudu siwaoni

Utitiri. Unapenda joto, ukavu na vumbi. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, ukiona vidoti vinatembea ndo wao. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu nne mfululizo, mara nyingi inatosha. Mafuta ya mwarobaini yapulizie jioni, ukipuliza kwenye joto majani yanaungua.

20. Matango yangu ni machungu

Yalipata kiu au joto kali. Uchungu umejaa upande wa kikonyo na chini ya ganda, kata hapo. Ila boga au mung'unya ukiuonja ukakuta mchungu sana, tema na utupe wote, sumu yake inaumiza tumbo kweli na kupika hakuiondoi.

## Hali za dharura

21. Nasafiri wiki nzima na hamna wa kumwagilia

Siku mbili kabla mwagilia kwa kina mara mbili, ongeza matandazo mpaka sentimita 10, jaza vyungu, weka kivuli. Makopo yasogeze kivulini yakae pamoja. Chuma kila tunda hata changa, tunda linakunywa maji.

22. Wiki ijayo wanasema nyuzi 42, nifanye nini?

Nywesha kwa kina kabla halijafika, sio siku yenyewe. Funika kwa chochote, hata shuka kuukuu kwenye vijiti. Usipogoe, usihamishe miche, usiweke mbolea, usipulize dawa.

23. Nimerudi kila kitu kimekauka, ning'oe?

Usiharakishe. Kwaruza shina kwa ukucha karibu na ardhi, chini ya ganda ukikuta kijani mmea uko hai. Bilinganya, bamia na pilipili zikate zibaki sentimita 20 au 30, nywesha taratibu mara kadhaa siku hiyohiyo maana udongo uliokauka hivyo unakataa maji mwanzoni, weka kivuli, subiri wiki mbili uone macho yanachipua. Ukikwaruza ukakuta kahawia mpaka chini, kata usawa wa ardhi, mizizi iache ioze humohumo itengeneze njia za maji, na mabua uyalaze hapohapo juu ya kitalu.